Shanga Zilizopakwa Rangi

Kila asubuhi Hadassa aliamka akakuta nyumba iko tupu. Shangazi yake, ambaye wote walimwita Tantine Jokébed, alikuwa ameshatoka, ukungu ukiwa bado umefunika mabati ya mtaa wa Kimemi. Alikwenda sokoni na beseni lake la bidhaa kichwani: sabuni, viberiti, vitana na vichupa vya rangi ya kucha. Mezani aliacha chai ndani ya termosi na kipande cha muhogo uliochemshwa. Hadassa alikunywa chai, akaosha kikombe, akavuta mlango na kwenda shule.

Alasiri alirudi, akachota maji, akapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha akangoja. Tantine aliporudi walisalimiana, wakala, wakasali, wakalala. Kuna siku hawakusemezana neno lolote zaidi ya salamu na kuombana chumvi.

Haikuwa kwamba Tantine alikuwa na roho mbaya. Mume wake, Manassé, alikwenda upande wa Mambasa kununua mawese kabla vita havijafika huko, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake. Tantine hakumtaja. Alitandika tu kitanda pande zote mbili, kama zamani, na Hadassa aliogopa kumuuliza.

Hadassa mwenyewe alikuwa mtoto wa Beni. Vita vilipokaribia, mama yake alimpandisha juu ya lori la mihogo lililokuwa linakwenda Butembo. Mama hakupanda. Bibi alikuwa mgonjwa wa miguu, hangeweza kutembea wala kukaa juu ya mizigo, na mtu alipaswa kubaki naye. Kabla lori halijaondoka, mama alimpa Hadassa mkebe wa shanga zake za kioo.

"Kule utakuwa na saa nyingi za kukaa peke yako," mama alimwambia. "Ukikaa bure utakuwa unawaza tu. Tunga hizi."

Basi kila alasiri, chakula kikiwa jikoni, Hadassa alikaa mlangoni na kutunga. Alitunga bangili na mikufu, akaifungua, akaitunga tena. Shuleni watoto walimwita "mugeni", na wakati wa mapumziko alisimama kando ya ukuta akiwatazama wakiruka kamba. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Hakuna tu aliyemwita.

Siku moja msichana wa nyumba ya jirani alisimama mbele yake na ndoo ya maji mkononi. Aliitwa Kavuo.

"Unajua kutunga shanga, weye?" aliuliza.

"Kidogo," Hadassa alijibu.

Kavuo aliweka ndoo chini, akachuchumaa. Tangu siku hiyo alipita karibu kila alasiri. Mara nyingine alikaa muda mfupi tu, kwa sababu mama yake alimwita, lakini Hadassa alianza kusikiliza nyayo zake kwenye njia. Akichelewa, alisimama na kuchungulia. Asipokuja, alasiri ile ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kavuo alikuwa anajitayarisha kupokea Komunyo ya Kwanza. Gauni lake jeupe lilikuwa tayari, limeshonwa na fundi wa mjini. Mama yake, Mama Anne-Marie, aliuza viatu vya mitumba sokoni. Jumatatu moja alikuja mwenyewe mlangoni kwa Hadassa.

"Kavuo hanipi amani," alisema akicheka. "Kila siku ni Hadassa, Hadassa, shanga za Hadassa. Donc, basi, nataka umutungie mukufu mweupe, mweupe kama gauni. Ya Jumapili hii. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Mi nitakupa viatu vya masomo. Nimeona vyako, vidole vinachungulia inje."

Hadassa alikubali kwa haraka. Furaha yake haikuwa ya viatu. Aliwaza kwamba Kavuo atatembea katikati ya kanisa akiwa amevaa kitu kilichotoka mikononi mwake, na watu watauliza ni nani aliyekitengeneza.

Alipomwaga shanga kwenye kitambaa, furaha ile ilipungua. Shanga nyeupe za mama zilikuwa zimekaa miaka mingi karibu na moshi wa jikoni. Zilikuwa za rangi ya meno ya mzee. Nyingine zilikuwa kubwa, nyingine ndogo, na nyingine zilikuwa zimemeguka pembeni ya tundu. Hadassa alizitunga zote kama zilivyokuja, kwenye uzi mmoja wa kushonea nguo. Alipoinua mkufu, ulipinda kama njia ya mlimani. Penye mwisho palikuwa na fundo nene lililotokeza mikia miwili ya uzi.

Alijua haukuwa mzuri. Aliufungua na kuutunga upya, ukatoka vilevile. Siku zilikwenda. Alifikiri kumwomba Tantine msaada, lakini Tantine alirudi akiwa amechoka, akakaa na kuvua viatu vyake polepole. Hadassa alinyamaza.

Jumamosi alasiri aliona vichupa vya rangi ya kucha ndani ya beseni la akiba chini ya kitanda. Kimoja kilikuwa cheupe kabisa. Alikichukua. Alijiambia kwamba Tantine ana vingi, hataona. Kwa brashi ndogo alipaka ushanga mmoja baada ya mwingine mpaka zote zikang'aa. Kisha akakata mikia ya uzi karibu sana na fundo, akafunika fundo kwa gundi ya shule ili lisionekane.

Mkufu ulipendeza ajabu. Kwa mbali ulionekana kama umetoka dukani. Ulikuwa bado unanata kidogo, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na hewa ilikuwa na unyevu, lakini Mama Anne-Marie alikuwa anasubiri. Hadassa aliufunga ndani ya kitambaa safi na kuupeleka.

"Ee, mutoto!" Mama Anne-Marie alisema akiuinua kwenye mwanga wa dirisha. "Ulifanya hii peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Inang'aa kweli! Viatu vyako hivi, vaa. Kuya kesho kanisani, uone mwenzako."

Hadassa na Tantine walikuwa Waprotestanti, lakini Jumapili hiyo Hadassa alitoka mapema kwenye ibada yao, akaenda kusimama nyuma kabisa katika kanisa la Wakatoliki. Palikuwa pamejaa. Watoto waliingia wawili wawili, wameshika mishumaa, wasichana wakiwa wamevaa magauni meupe. Kavuo alikuwa kwenye mstari wa kati. Alimwona Hadassa, akatabasamu bila kugeuza kichwa.

Joto la watu na mishumaa lilikuwa kali. Wakati wa wimbo, Kavuo alianza kujigusa shingoni. Rangi ilikuwa imelainika na kushika ukosi wa gauni. Alijaribu kuutenganisha mkufu na nguo taratibu, kwa kidole kimoja. Gundi iliachia. Fundo lilifunguka. Shanga zilianguka sakafuni, zikadunda na kutawanyika chini ya viti, na kanisa zima likasikia. Watoto wengine walicheka. Mama mmoja alisema "sss!" Kavuo alibaki amesimama, mkono shingoni, na kwenye ukosi wa gauni lake jeupe palikuwa na mabaka yaliyochanganyika na uchafu wa moshi.

Hadassa alitoka nje kabla ya mtu yeyote kugeuka kumtafuta.

Siku iliyofuata hakuna aliyekuja mlangoni. Kupitia ua wa miti alisikia sauti ya Mama Anne-Marie.

"Nilikuambia usichezee shingo! Mutu alifanya kazi yake muzuri, weye unavuta-vuta kama kamba ya mbuzi! Hautatoka hapa. Maji, nyumba, basi."

Hadassa alisikia tu fagio likianza kufagia.

Siku moja baadaye Kavuo alikuja mbio, akitazama nyuma kama aliyetoroka. Alitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo na kukiweka mikononi mwa Hadassa.

"Ni shanga zako," alisema. "Niliokota zote niliziona. Niliingia hata chini ya kiti ya bamama. Unisamehe, Hadassa. Niliharibu kazi yako."

Hadassa alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, karibu. Lakini alimtazama Kavuo, rafiki yake mmoja tu katika mji huu wote, akaona kwamba akisema ukweli atampoteza.

"Haina neno," alisema.

Kavuo alishusha pumzi, akamshika bega, akakimbia kurudi kwao.

Hadassa alidhani atapata nafuu. Hakupata. Kitambaa kile kilikuwa kizito mkononi mwake. Kutoka siku hiyo aliposikia nyayo za Kavuo akienda bombani aliingia ndani na kujificha nyuma ya mlango. Kavuo aliita mara moja, "Hadassa! Uko?" Hakuitika. Aliposikia nyayo zikiondoka alikaa chini pale pale gizani, nyuma ya mlango. Alikuwa amenyamaza ili asibaki peke yake, na sasa alikuwa peke yake kuliko siku aliyoshuka kwenye lori.

Viatu vipya hakuvivaa tena. Alikwenda shule na vile vya zamani.

Tantine ndiye aliyeona. Alirudi mapema siku moja, kwa sababu wanajeshi walipita sokoni na wachuuzi wakafunga meza. Alivuta beseni la akiba, akahesabu bidhaa kwa vidole, akainua kichupa cheupe. Kilikuwa kimebaki na rangi kidogo tu chini.

"Hadassa," aliita. "Kuya hapa. Hii ni nani alifungua?"

Hadassa alitazama kichupa, akatazama miguu yake. Halafu maneno aliyoyazuia yakatoka yote pamoja, na machozi: rangi, gundi, shanga mbovu, kanisa, Kavuo kufungiwa nyumbani, Kavuo kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Tantine alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Juu ya nini haukuniuliza?" alisema. "Mi nilikulia Masereka. Bamama ya kanisa kule walitufundisha shanga tukiwa kama weye. Nilitunga mukufu ya harusi yangu mwenyewe."

"Sikujua, tantine. Ukirudi umechoka. Huongei."

Tantine alikaa kitandani, upande wa mume wake. Hadassa aliogopa kuwa amesema vibaya.

"Njo vile, ni kweli," Tantine alisema mwishowe. "Siongei. Naogopa nikifungua kinywa nitalia mbele ya mutoto. Na weye unakaa pale mulangoni na mawazo ya mama yako. Batu babili ndani ya nyumba moja, kila mutu na kilio yake." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini hiyo tutaongea. Kwanza vaa viatu vyako, vile vipya. Twende."

"Wapi, tantine?"

"Kwa Mama Anne-Marie. Utasema weye mwenyewe. Mi nitakuwa nyuma yako."

Mama Anne-Marie alikuwa anachambua mchele uani. Kavuo alikuwa anaosha sufuria. Hadassa alisimama mbele yao, akavua viatu, akaviweka chini karibu na ungo.

"Mama, si Kavuo aliyekata mkufu," alisema. "Ni mimi. Shanga zilikuwa chafu, nikazipaka rangi ya kucha. Fundo lilikuwa baya, nikaweka gundi juu. Nilijua si imara. Kavuo alipokuja kuniomba msamaha, nikanyamaza. Viatu nimevirudisha."

Kavuo aliacha kusugua. Mama Anne-Marie aliweka ungo pembeni, akamtazama binti yake.

"Na mi nikakufungia," alimwambia Kavuo polepole. "Nisamehe, mama yangu."

Kavuo hakumtazama mama yake. Alimtazama Hadassa.

"Niliingia chini ya viti," alisema. "Bote balikuwa banacheka. Na weye ulijua." Akaokota sufuria, akaingia ndani.

Hadassa alitaka kumfuata. Tantine alimshika mkono.

"Mwache," alisema. Kisha akamgeukia Mama Anne-Marie. "Gauni niletee, nitaliondoa mabaka mwenyewe. Na mukufu ataufanya tena. Kwa kweli, mara hii."

"Lakini komunyo imeisha, Mama Jokébed."

"Picha hawajapiga bado. Mupiga picha iko Beni, barabara imefungwa. Atafika siku atafika."

Mama Anne-Marie alifikiri. Akavisukuma viatu kwa mguu kuelekea kwa Hadassa. "Vaa. Mutoto hatembei pekupeku sababu alisema ukweli. Lakini mukufu, nitautazama vizuri."

Alasiri zile zilizofuata, Tantine alirudi mapema. Walikaa wote wawili mlangoni, kwenye mkeka.

Kwanza walikwangua rangi kwa kucha, ushanga kwa ushanga. Kisha Tantine akaziloweka shanga ndani ya maji ya moto yenye sabuni, akazisugua ndani ya kitambaa. Hadassa alishangaa. Chini ya moshi wa miaka mingi palikuwa na weupe laini, kama maziwa.

"Unaona? Zilikuwa nyeupe," Tantine alisema. "Zilikosa tu mutu wa kuziosha. Sasa chagua. Kila ushanga, pitisha kidole juu ya tundu. Iliyomeguka inakata uzi kama kisu, itupe. Na zipange kwa ukubwa."

Tantine alikunja kitenge kikafanya mfereji, wakalaza shanga humo kabla ya kuzitunga, kubwa katikati, ndogo kwenda pande zote mbili, kila ushanga na mwenzake anayelingana naye. Aliukunja uzi mara mbili na kuuvuta juu ya kipande cha mshumaa ili nta iushike, usifumuke. Hadassa alitunga. Kila baada ya kitambo Tantine alimwambia, "Inua juu, tuone," na mkufu ukining'inia waliangalia kama kuna nafasi au mahali palipokaza. Mara nyingi palikuwepo. Hadassa alirudisha nyuma na kuanza tena, na hakukasirika. Huku wakifanya kazi, Tantine alianza kuongea. Aliongea juu ya Masereka, juu ya baridi ya kule na mashamba ya viazi. Siku nyingine aliongea juu ya Manassé, jinsi alivyoimba vibaya kanisani bila kuona haya. Hadassa aliongea juu ya mama. Wakati mwingine walinyamaza wote, lakini hakikuwa tena kimya kile cha zamani.

Mwisho ndio uliokuwa mgumu zaidi.

"Usifunge fundo kubwa shingoni," Tantine alisema. "Rudisha sindano ndani ya shanga ulizotunga. Funga fundo dogo katikati ya mbili, vuta mpaka lizame ndani ya tundu. Endelea mbele, funga lingine. Kisha kata. Hakuna mutu ataona, na hakuna mutu atafungua."

"Tantine, lakini hilo nalo ni kuficha."

Tantine alicheka, na Hadassa akagundua kwamba hajawahi kumsikia akicheka.

"Uliloficha weye lilikuwa ubovu," alisema. "Hili linaficha kazi. Vuta."

Hadassa aliushika mkufu pande mbili, akavuta kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

Aliupeleka kwa jirani. Kavuo ndiye aliyefungua. Gauni lilikuwa limekwisha kufuliwa na kuanikwa nyuma yake, mabaka yamefifia kiasi kwamba mtu lazima aambiwe ndipo ayaone. Kavuo aliupokea mkufu. Aliugeuzageuza akitafuta fundo, hakuliona. Akauvuta. Akauvuta tena.

"Uliosha shanga?" aliuliza.

"Niliziosha."

"Ni nzuri kuliko ya kwanza."

"Kavuo, siku ile ulipokuja..."

"Naijua siku ile," Kavuo alimkata. Alitazama chini. "Sijamaliza kukasirika, Hadassa. Lakini kesho nitaenda bombani. Ukinisikia, usijifiche tena nyuma ya mulango. Miguu yako ilionekana."

Mpiga picha alifika barabara ilipofunguliwa. Watoto wa komunyo walipangwa mbele ya kanisa, na mkufu ulikaa shingoni mwa Kavuo sawasawa, bila kupinda. Watu waliotoka Beni siku hizo walikuwa wengi. Hadassa alitazama kila lori lililosimama, lakini mama yake hakuwemo. Dereva mmoja alisema wagonjwa wengi bado hawawezi kusafiri. Tantine naye aliuliza juu ya Mambasa, akatikisa kichwa, akashukuru, "Wasingya," akarudi.

Walitembea pamoja kwenda nyumbani. Vumbi jekundu la njia lilipanda mpaka kwenye viatu vya Hadassa.

"Tantine," alisema, "bado naogopa kwamba nikikosea watu wataniacha."

"Wengine watakuacha," Tantine alisema. "Sitakudanganya. Lakini sikiliza, mutoto wangu. Ukipaka rangi juu ya kosa, unabaki nalo peke yako, usiku na mchana, na hata rafiki akikaa karibu na weye yuko mbali. Ukilisema, itauma, utaona haya, lakini kuna mutu atajua pa kukusaidia. Kazi ni vilevile. Uzuri hauwekwi juu mwisho. Unaanzia pale unapochagua ushanga wa kwanza. Uwe mukweli hapo, na uwe na uvumilivu."

"Ndiyo, tantine."

"Na ukishindwa, uniulize. Hata nikiwa nimechoka. Uniulize."

Walifika. Tantine alifungua mlango, akatua beseni, na kabla ya kuvua viatu alichukua mkeka na kuutandika mlangoni.

"Leta sindano," alisema. "Tumutungie mama yako mukufu wake. Tuchague vizuri, hatuna haraka."

Hadassa alikaa karibu naye, akaanza kuzipitisha shanga moja moja juu ya kidole.